Mama, Wakati Babu Anapita

Penseli mpeni iliyochongwa vizuri, raba msimpe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoingia katika kazi ya kupima watoto, na kwa sababu nimestaafu, sina tena mtu wa kunihimiza nianze na mambo makubwa. Mtoto mwenye raba hachori, anafuta. Atafuta kichwa mpaka karatasi itoboke, kisha atakutazama kama vile wewe ndiye uliyeitoboa. Asiye na raba akikosea mkono huchora mwingine pembeni, nawe unapata kuona alivyofikiri mara ya kwanza na alivyofikiri mara ya pili. Hiyo ni faida ambayo raba ingekula.

Wanangu, mimi ni Bi Zuhura, mzaliwa wa Tukuyu mjini. Baba yangu aliuza vitambaa sokoni na mama alishona. Nimefundisha, kisha nikasomea elimu maalumu, kisha nikatumia miaka yangu yote iliyobaki kuzunguka shule za wilaya ya Rungwe nikiwa na mfuko wa karatasi nyeupe, viatu vya mvua na mwamvuli uliovunjika mbavu. Watu walikuwa wakiniuliza ninafanya kazi gani. Nikiwaambia nakwenda kuwaambia watoto wachore watu, walicheka, wengine wakauliza kama serikali inalipa kwa hilo. Ililipa.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unampa mtoto karatasi, unamwambia, "Chora mtu, mchore vizuri kadiri unavyoweza," halafu unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi mnaposhindwa. Akimaliza unahesabu alivyoviweka: kichwa, macho, nyusi, shingo, mikono na mahali ilipoungana na mwili, vidole, nguo. Kadiri alivyoviweka vingi na mahali pake, ndivyo unavyojua ameuangalia ulimwengu kiasi gani na anaweza kuupanga kiasi gani akilini, ukimlinganisha na wenzake wa umri wake. Uzuri haupimwi. Nimewahi kumpa alama nyingi mtu mwenye umbo la kiazi mviringo, na alama chache msichana mmoja mrembo wa kwenye karatasi ambaye hakuwa na shingo wala mikono, nywele tu.

Nakiri kwamba sijazoea. Mpaka leo mjukuu wangu akichukua penseli naacha chai ipoe nimtazame. Mtoto mdogo huanza na kichwa chenye miguu, basi, hakuna tumbo wala kifua. Mikono ikija hutokea masikioni. Halafu siku moja, bila mtu kumfundisha, mikono inashuka yenyewe mpaka mabegani, shingo inaota, na mtu anapata vifungo vya shati. Watoto wa Masoko hufanya hivyo, wa Kawetele hufanya hivyo, na wanaojua wanasema hata wa nchi za mbali hufanya hivyo. Mimi ni mtu wa swala, na kila nilipoona mikono imeshuka nilisema alhamdulillahi kimoyomoyo, hata kama aliyechora alikuwa mtoto wa mchungaji.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Mwalimu Asajile, Mnyakyusa wa Masoko, mwembamba, mwenye koti refu la mvua ambalo hakulivua hata jua lilipowaka, kwa hoja kwamba jua la Tukuyu haliaminiki. Alichonga penseli kwa kisu, si kwa kichongeo, akikaa kwenye ngazi za darasa. Watoto walimsogelea kuangalia ncha inavyotoka, na ulipofika wakati wa kuwaambia wachore, walikuwa wameshamzoea. Nilidhani kisu ni ushamba wa mzee. Kumbe ndiyo ilikuwa salamu yake.

Neno lake moja nililibeba maisha yangu yote: mtoto hachori asichokijua, lakini hachori kila anachokijua. Aliposema hivyo mara ya kwanza niliitikia kwa heshima bila kuelewa. Nililielewa siku aliponipeleka kwenye chai.

Tulikuwa tumetoka shule moja iliyopakana na mashamba ya chai, nami nilikuwa na karatasi za darasa zima mkononi, nimefadhaika. Karibu nusu ya watoto walikuwa wamechora watu wasio na miguu. Kichwa kipo, mikono ipo tena mikubwa yenye vidole vya kutosha, kapu liko mgongoni, lakini kutoka kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Nilikuwa tayari nimeshaandika kichwani taarifa ndefu kuhusu lishe duni. Mwalimu Asajile hakunibishia. Alisimamisha pikipiki barabarani, akanionyesha wachuma chai waliokuwa wakifanya kazi mteremkoni, akaniambia nimhesabie miguu.

Nilitazama. Akina mama walikuwa wamezama ndani ya michai mpaka kiunoni, wanaenda na mikono yao, hakuna hata mguu mmoja uliokuwa ukionekana. Mzee alisubiri nimalize kutazama, akapiga pikipiki teke tukaondoka. Njiani alinieleza kwamba watoto wale wanajua fika kuwa mama ana miguu, ila tulipowaambia chora mtu, mtu waliyemfikiria alikuwa yule wanayemwona wakipeleka uji shambani. Dawa yake ni rahisi: muulize mtoto huyo ni nani na anafanya nini, kisha mpe karatasi nyingine.

Basi, hapo ndipo ilipo kazi yote. Kuchora ni nusu, kuuliza ni nusu ya pili. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na mimi naongeza kwamba katika kazi hii kutouliza ni wizi. Vijana wa siku hizi mnanitumia kwa simu picha ya mchoro na swali fupi, eti huyu ana akili za umri gani. Mchoro ninao, mtoto yuko wapi? Alisema nini wakati anachora? Alikuwa ameshiba? Kulikuwa na mvua? Mkinitumia hivyo sijibu, na wala msidhani bando langu limekwisha.

Huko Kawetele mvulana mmoja alichora duara jeusi juu ya kiwiliwili, macho hakuna, pua hakuna, mdomo hakuna. Mwalimu wake alishtuka akadhani mtoto ana pepo. Nilipomuuliza huyo ni nani, alinijibu kwa kunionea huruma kwamba ni mjomba wake wa bodaboda, amevaa helmeti. Aliongeza kwamba mjomba haivai isipokuwa anapowaona trafiki. Kwa hiyo karatasi moja ilinipa mtu, chombo cha moto na sheria ya barabarani, na mimi kwenye fomu nilikuwa na nafasi ya kuweka sifuri kwenye uso.

Sasa nije kwa Tumpe, ambaye ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika. Jina lake la kweli nalihifadhi, na la shule pia, itoshe kusema ni shule ya milimani, ambako ukungu huingia darasani kabla ya walimu. Wakati huo Mwalimu Asajile alikuwa ameshastaafu akipalilia maparachichi yake, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kazi.

Niliitwa na mwalimu wa darasa lake, kijana mmoja wa kutoka Kanda ya Ziwa aitwaye Baraka. Alinieleza kwamba Tumpe amerudia darasa la kwanza na bado hashiki kitu. Hasemi. Ukimuuliza anakutazama mdomo tu. Na cha ajabu, alisema Baraka, zipo siku anaelewa kidogo, na zipo siku anakuwa jiwe kabisa, akili zinakuja na kuondoka. Mwalimu mkuu alikuwa ameshamtafutia nafasi katika shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu wa akili, mbali, mkoa mwingine. Nafasi hizo ni adimu na alihangaika kwa moyo mwema kuipata. Kilichobaki kilikuwa karatasi yangu na kidole gumba cha mlezi.

Muelewe uzito wa jambo hilo. Shule zile ni za heri kwa mtoto anayezihitaji, nimewapeleka wengi na sijutii. Lakini mtoto asiyezihitaji akipelekwa, anaondolewa kwa mama yake, kwa lugha yake, kwa ndizi zake, anafundishwa kufunga vifungo miaka mitatu wakati wenzake wanafundishwa kusoma. Akirudi nyumbani hakuna atakayemwamini tena kwamba ana akili, hata yeye mwenyewe. Kosa la namna hiyo halina raba.

Baba yake Tumpe alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, hivyo aliyekuja kusimama badala yake ni babu, mzee Gwakisa, amevaa sweta la kijani na kofia ya pama, fimbo mkononi. Alikuwa amekaa ofisini kwa mwalimu mkuu, karibu na mlango, ametulia. Mama yake Tumpe naye alikuja, lakini hakuingia. Nilimwona upande wa pili wa uwanja, chini ya upenu wa darasa la mwisho, ametupa mgongo, kitenge amejifunika mpaka kichwani. Nilidhani anaona baridi. Mwalimu mkuu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama huyo ndivyo alivyo, ameitwa kwenye vikao vyote na hajawahi kukanyaga ofisini, pengine na yeye hayuko sawa.

Nilimchukua Tumpe stoo, kwenye vitabu, mahali penye dirisha. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile. Nilikaa chini kwenye kiroba cha mahindi ya uji, uso kwa uso naye, nikachonga penseli kwa kisu. Alisogea kutazama ncha inavyotoka, kama nilivyotarajia. Nikamwambia achore mtu.

Alichora haraka, bila kusita. Alipomaliza aliweka penseli pembeni sambamba na karatasi, kwa adabu. Na kwenye karatasi palikuwa na kilima. Kilima kimoja kilichoinamia upande, chenye mistari iliyopinda kwa juu, na chini yake nyayo mbili ndogo. Hakikuwa na kichwa, wala macho, wala mkono hata mmoja. Nilihesabu vya kuhesabika, na haikunichukua muda. Kwa mizani yetu, yule binti wa miaka minane alikuwa na akili za mtoto anayebebwa mgongoni.

Nawaambia ukweli, roho iliniuma. Kwa muda nilimwona tayari yuko kwenye basi na sanduku lake la bati. Halafu nilitazama zile nyayo. Zilikuwa na vidole, na kidole gumba kilikuwa kinakaa upande wake sahihi katika kila mguu. Mtoto asiyejua kichwa hajui kidole gumba cha mguu. Nikauliza lile swali la Mwalimu Asajile.

"Huyu ni nani?"

"Mama."

"Anafanya nini?"

Alifikiri. Alinitazama mdomo, kisha macho, kama anayepima iwapo mtu mzima mwenye koti anaweza kweli kuwa hajui jambo dogo namna hiyo.

"Babu anapita," alisema.

Mimi ni wa mjini, Kinyakyusa changu ni cha sokoni, kinanitosha kununua ndizi na kulalamikia bei. Mila ya mkwe nilikuwa naijua kwa kusikia, nikidhani imekwisha zamani pamoja na vibatari. Lakini katika nyumba nyingi za wazee wa huku bado ipo. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina. Akimsikia anakuja njiani, anatoka, anainama pembeni, anajifunika kitenge mpaka apite. Si chuki wala woga, ni heshima, na baba mkwe naye ana wajibu wake: kabla ya kukata kona hukohoa, ili mkwewe apate nafasi ya kujistiri. Tumpe alikuwa ameona hayo kila siku ya maisha yake. Kile kilima kilikuwa mama aliyeinama, ile mistari iliyopinda juu ilikuwa mikunjo ya kitenge, na nyayo zilibaki nje kwa sababu kitenge hakifiki huko.

Nilimpa karatasi ya pili. Nikamwambia, "Nichoree mama, babu akishapita."

Wanangu, natamani mngekuwepo. Alitoa ulimi pembeni, akainamia karatasi mpaka nywele zikaigusa, akachora mpaka mwalimu mkuu akabisha hodi kuuliza kama tumekwama. Mama alitoka mwenye uso, nyusi, hereni, nywele zilizosukwa mistari ikifuatana vizuri mpaka kisogoni. Alikuwa na shingo, na shingoni mkufu. Vidole vilitimia katika kila mkono, kucha zikiwemo. Alikuwa na blauzi ya vifungo, kitenge kilichofungwa kiunoni na fundo lake upande wa kulia, na mwiko mkononi. Mdomo ulikuwa umefunguka unacheka, na meno ya juu yalikuwa na mwanya. Nimepima watoto wa madaktari na wa maofisa, lakini wa umri ule aliyemfikia Tumpe siku ile simkumbuki. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi la vitabu.

Nilimshika mkono tukaenda ofisini, ambako Baraka naye alikuwa ameshafika, nikiwa na furaha iliyonizidi maarifa. Kwa sababu nilifanya nini? Nilitoa ile karatasi ya pili na kumkabidhi babu mkononi, mbele ya watu wote, nikamwambia atazame alichochora mjukuu wake.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Alitabasamu, akaanza kuitazama kuanzia chini, miguuni. Akamuuliza Tumpe kwa Kinyakyusa huyo ni nani, naye akajibu bila kusita kwamba ni mama. Tabasamu liliondoka. Aliigeuza karatasi, akailaza mezani uso chini, akaweka kiganja juu yake kwa upole kama mtu anayefunika chakula. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya: nilikuwa nimemweka mzee wa watu uso kwa uso na mkamwana wake, jambo ambalo wote wawili walilikwepa kwa heshima tangu siku ya harusi. Nilitamani sakafu inimeze. Nilimwomba radhi, maneno yakinigongana.

"Hukujua, Mwalimu," alisema. "Ninyi wa mjini mnatazamana tu." Kisha akauliza kama kuna nyingine.

Nilimpa ile ya kilima. Aliitazama kwa muda mrefu, akaipeleka karibu na dirisha, akaanza kucheka taratibu mpaka mabega yakatikisika. Alimwonyesha mwalimu mkuu mistari ya juu. Alisema huyo ndiye anayemfahamu, hivyo hivyo alivyo, hata kitenge kinavyokunjamana begani. Halafu kicheko kilikatika, akanigeukia na kuniuliza kama huyu aliyechora hivi ndiye anayesemwa kuwa hana akili.

Nilimjibu kwamba mtoto anayejua kumchora mtu mmoja kwa namna mbili, kulingana na nani anayemtazama, amenizidi hata mimi mwenye vyeti. Lakini nilimwambia pia ukweli uliobaki, kwamba michoro ile imetuambia akili ipo, haikutuambia kwa nini hashiki masomo. Mchoro hufungua mlango, kuingia ni kazi yako. Nikauliza kama mama yake amewahi kuulizwa lolote. Mwalimu mkuu akasema ameitwa sana na amekataa kuja.

Mzee Gwakisa alishika fimbo yake akasimama.

"Hajakataa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mlangoni."

Alivaa kofia vizuri, akaikunja ile karatasi ya kilima akaitia ndani ya sweta.

"Napita," alisema. "Mwiteni mwenye mtoto aseme."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, na tulimsikia akikohoa kwa nguvu njia nzima mpaka getini, kikohozi cha mtu mzima wa afya.

Mama aliingia akiwa ameshusha kitenge mabegani. Nilipomwona ilibidi nijizuie kucheka, maana hereni zilikuwa zilezile, mistari ya nywele ileile, na alipotusalimu niliuona mwanya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alieleza bila kupumzika, mambo aliyoyabeba vikao vyote akiwa chini ya upenu. Tumpe aliugua masikio utotoni, yakawa yanatoa usaha, moja likapona kiasi, jingine halikupona. Nyumbani hakuna anayemwita kwa nyuma, humzunguka wakasema naye usoni. Nyumbani anaongea mpaka anachosha. Na nyumba yao ya jikoni, alisema, ni ya nyasi, kule anasikia vizuri, ila hapa kwenye bati mvua ikianza hasikii hata kengele.

Baraka aliweka mikono kichwani. Hakuhitaji kueleza, wote tulikuwa tumeshajua. Zile siku ambazo akili za mtoto zilikuwa zinakuja zilikuwa siku za kiangazi, na zile ambazo zilikuwa zinaondoka zilikuwa siku za mvua. Na mahali petu, wanangu, mvua ina siku nyingi kuliko kiangazi. Kijana wa watu aliumia, lakini hakukaa akiumia. Siku ileile alimhamishia Tumpe dawati la mbele, sikio zuri likimwelekea yeye, na toka hapo mvua ikinyesha alikuwa anaandika ubaoni kila neno badala ya kupiga kelele. Darasa zima likapanda kwa sababu ya hilo, maana kumbe wengine nao walikuwa hawasikii, ila hakuna aliyekuwa amewasingizia ujinga. Mwalimu Baraka namheshimu mpaka leo.

Nafasi ya bweni alipewa mtoto mwingine aliyeihitaji kweli. Tumpe alipelekwa hospitalini, akatibiwa sikio lililokuwa linatibika, na alisoma.

Nilimsimulia Mwalimu Asajile nilipomtembelea shambani kwake, nikitegemea sifa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu, kama penseli niliichonga kwa kisu. Nilipomwambia ndiyo, akaita nyumbani waniletee maziwa mgando. Kwa mzee yule hiyo ilikuwa shahada.

Baada ya muda nilipita kwao Tumpe kumtazama anavyoendelea. Mzee Gwakisa alinikaribisha sebuleni kwake, nyumba yake ikiwa mbali kidogo na ya mwanawe, migomba katikati. Mbalaga, ndizi za kupikwa za huku, ilikuja ya moto, na nilijua imepikwa na nani ingawa mpishi hakuonekana. Ukutani, karibu na kalenda ya kanisa, kulikuwa na fremu ya mbao, na ndani ya fremu kile kilima changu chenye nyayo mbili. Mchoro wenye alama chache kuliko yote niliyowahi kusahihisha, mtu ameutengenezea fremu na kioo.

Mzee aliona ninavyoutazama. "Wageni wananiuliza mbona huyu hana uso," alisema. "Nawaambia uso anao. Mjukuu wangu ameuchora, uko kwa Mwalimu."

Na kweli uko kwangu, kabatini, chini ya vitambaa vya mama yangu. Vijana mkija kuniuliza jinsi ya kupima watoto nautoa, naulaza mezani, nawaacha mhesabu wenyewe hereni na kucha na vifungo mpaka mchoke. Ila kabla sijautoa huwa nachungulia kwanza barabarani, nisikie kama hakuna mzee anayekohoa.